Hela ya giza ifike mbalamwezi: simu, wakala wa benki au kikoba?

Kibanda changu cha uwakala kiko Igombe, Mwanza, sio mbali na mwalo, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na ukiacha "dada, keshi ipo?" swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili la hela ikae wapi, ibaki kwenye simu, iende benki, au mtu aingie kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana wenyewe. Wanaouliza karibu wote ni watu wa dagaa, waanikaji, wabeba ndoo, vijana wa mtumbwi, mama lishe wanaowapikia, na hela yao ina tabia ambayo mtu wa mshahara haijui, inafuata mwezi, yaani mwezi wa juu angani. Kukiwa na giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, dagaa wanafuata mwanga, asubuhi mchanga wote umekuwa mweupe na hela inatembea mkono kwa mkono. Mbalamwezi ikishatoka vizuri taa haina kazi tena, wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, na kwa wiki moja au zaidi hakuna anayeingiza kitu, ila watoto wanakula kila siku kama kawaida. Kwa hiyo huku swali la akiba halihusu uzee wala kujenga nyumba, linaanza na jinsi hela ya giza itakavyofika mbalamwezi.

Niseme mapema, kwenye simu na kwenye benki nalipwa kamisheni, kikoba hakinilipi kitu ila mimi mwenyewe nimo huu mwaka wa sita. Vyote vitatu navitumia.

Mtu akikaa kwenye benchi langu namuuliza mambo matano kabla sijasema chochote. Kwanza, unaweza kuifikia hela yako saa kumi na moja alfajiri boti zinapotia nanga, au mpaka upande hiace kwenda mjini? Pili, unakatwa kiasi gani, sio kwa muamala mmoja, kwa mwezi mzima. Tatu, ikiibiwa au mwenye nayo akifa, nani anajibu. Nne, siku ukihitaji mkopo, hiyo sehemu inakukopesha kwa msingi gani na kwa riba gani. Na la tano ambalo watu wa mjini hawaliulizi kabisa lakini kwetu ndio kubwa, je hiyo sehemu inakuzuia kuichomoa hela hovyo?

Hapo nyuma hatukuwa hata na cha kulinganisha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania 2008, na kabla ya hapo mtu wa Ukerewe akitaka kutuma hela Mwanza alimpa mtu anayepanda meli, basi, na kumuombea. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha nchi zinazoendelea zilikuwa na watu wazima 42 kati ya 100 wenye akaunti ya aina yoyote mwaka 2011, mpaka 2021 wamefika 71. Kwetu Tanzania utafiti wa FinScope ulikuta wanaotumia huduma rasmi za fedha ni asilimia 65 mwaka 2017 na 76 mwaka 2023, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo sio matawi mapya ya benki, ni simu na vibanda kama hiki changu. Ila mtu kuwa na laini yenye pesa bado haimaanishi anaweza kuweka akiba, na wala haimaanishi atakopesheka. Hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana.

Pesa ya simu

Kuifikia, hakuna inayoishinda. Ukishasajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA umemaliza, hata kitochi kinatosha, unapiga *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money au ya mtandao wako unaendelea. Mawakala wako kila mwalo mpaka kambi za visiwani. Tatizo lipo kwenye keshi na floti, yaani salio la wakala kwenye simu. Alfajiri dagaa wakishauzwa kila mtu anataka kutoa, keshi inakwisha saa moja asubuhi, jioni kila mtu anataka kuweka na sasa floti ndio hamna. Visiwani ni zaidi, mtandao ukikata umekata, na kuna mawakala wanaokuongezea elfu moja juu ya makato halali kwa sababu wanajua huna pa kwenda. Hiyo sio bei, ni wizi, uliza makato kwenye menyu ya simu kabla hujatoa.

Gharama. Kuweka ni bure. Kutuma na kutoa kunakatwa kwa madaraja, na hapa watu wanaumia bila kujua. Kuna mama mmoja muanikaji, namfahamu miaka mingi, alikuwa anatoa elfu kumi asubuhi ya chumvi na ya wabebaji, elfu tano mchana, elfu kumi tena jioni, kila siku ya giza. Siku moja nikamwambia mama, leta simu tuhesabu. Tukakaa tukasoma meseji zake za mwezi moja moja, mimi nasoma yeye anaweka punje za mahindi kwenye kifuniko cha ndoo, kila punje moja ni shilingi mia ya makato. Kifuniko kilijaa. Akaziangalia muda mrefu akasema, "Mwanangu, hii ni debe la unga." Siku hizi anatoa mara moja kwa siku mbili, na wanaokubali anawalipa simu kwa simu au kwa lipa namba. Na kumbuka gharama za simu hazitegemei kampuni peke yake, tozo ya serikali ilipoanza Julai 2021 niliona kwa macho yangu watu wakirudi kubeba noti kwenye soksi na kuwapa madereva wa hiace wapeleke, ilipopunguzwa baadaye wakarudi kwenye simu taratibu.

Usalama uko wa aina mbili. Hela yenyewe haikai kwenye kampuni ya simu, sheria inataka iwekwe benki kwenye akaunti ya dhamana, na faida inayopatikana huko imewahi kurudi kwa wateja, Tigo Pesa (siku hizi Mixx by Yas) ilianza kugawa gawio hilo 2014. Upande wa pili ni matapeli. "Ile hela itume kwenye namba hii" bado inaliza watu, na ile ya kukupigia wakijifanya huduma kwa wateja. Namba ya siri usimpe mtu, hata mimi wakala wako usinipe, nikikuomba nikimbie. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040.

Mkopo upo na ni wa haraka, M-Pawa tangu 2014, Songesha, Timiza na wenzake. Wanaangalia mwenendo wako kwenye laini, hawataki hati ya nyumba. Ni midogo, ya siku chache hadi mwezi, inafaa kumalizia muamala uliopungukiwa elfu tatu. Kuendeshea biashara inakaba, maana ukikopa elfu hamsini ukarudisha elfu hamsini na tano baada ya mwezi hiyo ni asilimia 10 kwa mwezi, na mbalamwezi ikikukuta katikati hujui utarudisha na nini.

Na kujizuia? Hapo simu ni dhaifu. Hela iko mfukoni, iko na wewe kwenye bia, iko na wewe shemeji akipiga. Vijana wa mtumbwi wanaijua hii, wanalipwa na tajiri mwenye mtumbwi asubuhi kwenye simu na jioni wanakuja kwangu wana elfu nne. Ila tusiidharau. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya za Kenya wakakuta M-Pesa ilitoa karibu kaya 194,000 kwenye umaskini uliokithiri, kama asilimia 2 ya kaya za nchi ile, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake, na wanawake wengi wakahama kwenye kilimo kwenda biashara. Kwa hiyo simu hiyo hiyo, mwingine inammaliza mwingine inamtoa, inategemea umeipangaje.

Wakala wa benki

Hapa nazungumzia akaunti unayoifungua na kuiendesha bila kukanyaga tawi, kwa NMB Wakala, CRDB Wakala na benki nyingine, na kwenye simu *150*66# au *150*03#. Miaka ya nyuma kufungua akaunti ilikuwa barua ya mtendaji, picha mbili, siku nzima mjini na nauli, na dada wa kaunta anakuangalia magamba ya samaki kwenye kanga. Wengi wetu tuliacha kwa aibu tu. Sasa kwa namba ya NIDA unafunguliwa kibandani dakika chache, na magamba yako.

Kuifikia ni kuzuri kwa Igombe, Kirumba, Buhongwa, Sengerema, Nansio, lakini ukishaingia kambi za ndani visiwani wakala wa benki ni wachache kuliko wa simu. Makato, kuweka kwa wakala kwa kawaida ni bure, kutoa kunakatwa, kuhamisha kwenda simu kunakatwa, na baadhi ya akaunti zina makato ya mwezi na nyingine hazina, uliza hilo kabla hujaweka kidole. Ukitoa kidogo kidogo benki haikuokoi na kitu, inakuokoa ukiweka nyingi ukaziacha.

Kwenye usalama benki iko mbele, nasema wazi. Amana yako ina bima ya Bodi ya Bima ya Amana, benki ikifa unafidiwa mpaka shilingi 7,500,000, zamani ilikuwa 1,500,000. Mwenye akaunti akifa ndugu wanapitia mirathi, msimamizi anathibitishwa mahakamani, ni safari ndefu kwa mjane wa mvuvi lakini hela ipo, haipotei. Ushauri wangu kila mtu wa ziwani amwambie angalau mtu mmoja ana akaunti benki gani. Nimeona mama akija na simu ya marehemu mumewe iliyoingia maji, hajui hata mume alikuwa anaweka wapi.

Mkopo wa benki unakuja polepole ila ni mkubwa na riba yake mara nyingi ni nafuu. Kinachowasaidia watu wa dagaa siku hizi ni kumbukumbu. Zamani ukienda benki wanakuuliza mauzo yako yako wapi, unaonyesha daftari lililolowa. Sasa mauzo yakipita kwenye akaunti au lipa namba miezi sita, mwaka, karatasi inaongea yenyewe, na kuna mikopo midogo ya kidigitali ya benki isiyohitaji dhamana inayoangalia hicho hicho. Kwangu faida kubwa ya huu mfumo wa kidigitali ni hii, mtu ambaye hakuwa na ushahidi wowote kuwa anafanya biashara sasa anao.

Kujizuia, benki iko katikati. Hatua ya ziada ya kwenda kwa wakala inatosha kuwaokoa wengi, na ukiomba akaunti ya malengo ambayo haitolewi mpaka muda fulani unakuwa umejifunga kabisa.

Kikoba

Sasa kikoba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaoandika mambo ya teknolojia wanakiruka kama kitu cha zamani. Mtindo huu wa kuweka na kukopa wenyewe ulianzia Niger 1991 kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaja kwetu ukageuka VICOBA, na hakuna mwalo utakaoukuta hauna kimoja.

Chetu tuko ishirini na nane, Jumamosi saa tisa chini ya mwembe. Kabla hatujahamia simu ilikuwa hivi, sanduku la bati linaletwa na mtu mmoja, funguo tatu ziko kwa watu watatu wengine, na hawaruhusiwi kuwa ndugu. Kufuli la kwanza, la pili, la tatu, linafunguliwa mbele ya wote, wahesabu hela wawili wanamwaga kwenye beseni, wanahesabu kwa sauti na sisi tunaitikia. Hisa, halafu mfuko wa jamii, halafu faini za waliochelewa, halafu marejesho, mwisho ndio mikopo. Kuna kitu kinatokea ukiitwa namba yako mbele ya wenzako na huna hisa, hakuna programu ya simu inayoweza kukufanyia hivyo. Kwenye kujizuia kikoba kinashinda, sio kwa kufuli, kwa macho ya watu.

Kuingia hakuhitaji NIDA wala laini, kunahitaji watu wanaokujua, na hapo hapo ndipo kinapofunga mlango, maana mgeni aliyeshuka jana kutoka Bunda hataingia, na kijana wa mtumbwi anayehama kambi kila mwezi hafai. Hela pia haipatikani alfajiri, inasubiri Jumamosi. Gharama karibu hakuna, ni daftari, kalamu na muda. Mkopo ni mara tatu ya hisa zako, riba ya kwetu ni asilimia 10 na ndio, kwa kuiangalia ni kubwa kuliko ya benki, lakini mwisho wa mwaka tukivunja kikoba riba inarudi kwetu kwenye mgao. Na siku ya msiba mfuko wa jamii unakuja nyumbani siku hiyo hiyo, na watu wake wanakuja kupika. Hilo wala simu wala benki haina.

Usalama ndio jeraha lake. Kikoba changu cha kwanza kilivunjika kabla ya kuvunjwa. Tulizoea, tukaacha funguo tatu zikakaa kwa mtu mmoja "kurahisisha", akahama usiku na hela ya mwaka mzima. Hakuna bima ya hiyo. Kuna vitu viwili vinavyopunguza hatari. Kwanza usajili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri, na kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti benki ndicho kinachoweza hata kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Pili, hela kuhamia kwenye pochi ya kikundi, kama M-Koba iliyoanza 2019, ambapo kutoa kunahitaji viongozi kuidhinisha na mwanachama anajua kilichochangwa. Sisi tumefanya nusu kwa nusu, hela iko kwenye simu ya kikundi, mkutano uko pale pale chini ya mwembe. Wazee wawili walikataa kuacha kuhesabu kwa sauti kwa hiyo sasa tunasoma salio kwa sauti, na kwa kweli naona walikuwa sahihi.

SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, nimeziacha kwa sababu hapa mwaloni ni chache, ila kama ipo karibu na ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika iulizie kwa mambo haya haya matano.

Kuna kingine siwezi kukiweka kwenye ulinganisho lakini lazima nikitaje, mikopo ya kwenye app na kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Unapakua, inaomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yako, unapata elfu themanini, ukichelewa siku mbili wanampigia mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, wenye leseni wana kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtu akikutajia zaidi ya hapo, muulize leseni yake.

Sasa kwa hali yako

Kama wewe ni kijana wa mtumbwi, unahama mwalo hadi mwalo, hela inakuja kwa mkupuo na hujawahi kukaa nayo, pokea kwenye simu kwa sababu huna njia nyingine, lakini siku hiyo hiyo kabla hujalala hamisha nusu kwenye akaunti ya malengo, makato yake ni kidogo kuliko unachopoteza baa. Kikoba subiri utulie.

Muanikaji au mchuuzi mwenye familia na makazi, kikoba kiwe ndio akiba yako na mkopo wako wa mtaji, simu iwe ya kulipana tu, na utoe kwa mkupuo. Ukianza kununua kwa magunia na kuuza kwa wateja wa Kongo au Zambia pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, usichelewe benki, kiasi kile sio cha kukaa kwenye sanduku wala kwenye laini, na utahitaji karatasi za miamala siku utakapotaka mkopo wa milioni.

Uko kisiwani ndani, mtandao wa kubahatisha, wakala mmoja na anachaji juu. Kwako kikoba cha sanduku bado kina nafasi, funguo tatu kwa watu watatu na msizoeane. Kile kinachozidi mahitaji kiwekeni benki kila mnapotuma mtu Nansio au mjini, kwa jina la kikundi, wasaini watatu. Kubeba hela ya kikundi kizima ziwani usiku msifanye.

Mtu wa mshahara, mwalimu, nesi wa zahanati, tayari una benki, kwako shida ni makato ya kuhamisha hamisha kwenda simu, kwa hiyo panga mara moja kwa wiki. Kikoba cha wafanyakazi wenzako kitakufaa kwa msiba zaidi kuliko kwa akiba.

Mama mzee ambaye hajui kusoma meseji na mjukuu ndiye anayeshika simu, mjukuu huyo ndiye mwenye hela. Kikoba cha rika lake kinamlinda zaidi, na cha simu kibaki kiasi kidogo cha kutumiwa na watoto.

Na yeyote kati yenu, leo kabla hujaamua piga *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta namba usiyoijua nenda kaifute kwanza, halafu ndio uje tuongelee pa kuweka hela.